Darubini ya ndugu watano: itaonyesha nini hapa Dar, na ikae wapi?

*"Mimi ni Frimasoni, nina miaka 52, naishi Tabata. Dari ya ukumbi wetu imechorwa nyota, na kila tukikutana najiuliza inakuwaje tumeziweka juu ya vichwa vyetu lakini hatuzijui hata kwa majina. Ndugu watano tumechanga shilingi milioni moja na laki mbili tununue darubini ya pamoja. Muuzaji ametuonyesha moja ya kipenyo cha milimita 60, anasema inakuza mara 525. Kuna anayesema taa na mawingu ya Dar vitatuangusha. Wawili wanataka ikae ukumbini kwenye kiyoyozi. Mimi nataka tuitoe nje, majirani na watoto nao waangalie, ila naogopa maneno. Mtaani tunasemwa tayari kwamba tunaabudu nyota. Na ndugu mmoja anashikilia kuwa skwea na bikari, alama zetu, zimo angani na ziliwekwa na wajenzi wa kale. Ni kweli? Naomba ushauri."*

Ndugu yangu, maswali yako ni mengi lakini hofu naziona mbili: msije mkapoteza hela mlizochangishana, na chombo mlichokusudia kiwakutanishe na watu kisije kikawatenga nao. Nitajibu kama mtu wa anga. Ya ndani ya loji, yaani kikundi chenu cha Kifrimasoni, unayajua wewe. Nitagusa yale tu yaliyo wazi kwenye historia.

Nianze na hela, maana muuzaji hasubiri. Hiyo ya mara 525 msiinunue. Namba yenyewe kwa kawaida hupatikana hivi: urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi kuu hadi picha inapokusanyika) wa milimita 700 unagawanywa kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, unapata 175, halafu inachomekwa lenzi ya kuzidisha mara 3. Hesabu haina kosa, ila mtakachoona ni ukungu unaotikisika. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika kidogo, na kila nukta ya picha inageuka kiduara. Kwa kipenyo cha milimita 60, nyota mbili zikikaribiana chini ya sekunde 2 hivi za nyuzi (sekunde moja ni nyuzi moja ikigawanywa mara 3,600) zinaungana kuwa moja, na hakuna lenzi itakayozitenganisha. Ukizidi kukuza, unakuza kile kiduara, na mwanga mdogo uliokusanya unatandazwa mpaka unafifia. Kikomo cha kutumainiwa ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwa darubini hiyo ni mara 120, na muuzaji anayeandika zaidi ya hapo kwenye boksi anawauzia namba.

Kwenye tangazo lolote tazameni kipenyo kwanza. Kwa mchango wenu tafuteni darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi 650, ya mtindo wa Dobson wa kuweka mezani. Kioo chake kinakusanya mwanga karibu mara tano ya ile ya 60. Lenzi ya jicho ya milimita 25 itawapa ukuzaji wa mara 26, ya milimita 10 itawapa mara 65, na mkiongeza lenzi ya kuzidisha mara 2 mtafika 130. Hizo tatu zinatosha kwa mwaka mzima. Ikipatikana ya milimita 150 yenye fokasi 750 na hela ikaruhusu, chukueni hiyo. Ya 200 ni nzuri zaidi kwa jicho, lakini ni nzito. Ikihitaji watu wawili kuibeba, itatoka siku wawili wakipatikana, na mtaani mwenu hizo zitakuwa siku chache.

Kuna mitego miwili ya kuepuka. Wa kwanza ni darubini ya milimita 114 inayoandikwa fokasi 1000 huku mrija wake una nusu mita tu. Ndani ya bomba la kuingizia lenzi ya jicho wameficha lenzi nyingine ya kurefusha fokasi, kioo chake mara nyingi si cha parabola, lile umbo linalokusanya mwanga mahali pamoja, na kuilinganisha, yaani kuvipanga vioo vyake vielekeane sawasawa, ni mateso hata kwa aliyezoea. Wa pili ni stendi ya ikweta, ile yenye uzito wa kusawazisha unaoning'inia pembeni. Stendi hiyo hufanya kazi ikiwa mhimili wake umeelekezwa kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya nyumba na miembe, na nyota ya kaskazini haionekani kabisa. Stendi nyingi za bei nafuu zimeundwa kwa Ulaya na Marekani. Ukiinamisha mhimili mpaka nyuzi 7, uzito unagonga mguu wa stendi. Ya Dobson haina habari hiyo: inazunguka kushoto na kulia, inapanda na kushuka, basi.

John Dobson, ambaye mtindo huu umepewa jina lake, alikuwa mtawa San Francisco. Aliunga darubini kwa plaiwudi na mirija ya karatasi ngumu, na mwaka 1968 yeye na vijana wachache wakaanzisha kikundi cha kuweka darubini kando ya barabara ili kila apitaye aangalie. Ni chombo kilichobuniwa kwa ajili ya hicho hicho unachokitaka wewe. Kwa kuwa yenu itakuwa ya mezani, mwombeni seremala wa Keko awatengenezee stuli nzito ya miguu mitatu, kimo cha sentimita 55, juu plaiwudi ya milimita 18. Miguu mitatu haiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Meza ya plastiki itawatesa, maana kila mtu akigusa lenzi picha itacheza.

Sasa anga letu. Anayesema taa za Dar zitawaangusha amesema nusu. Taa huangaza hewa na vumbi, na vitu hafifu kama nebula (mawingu ya gesi angani) na galaksi humezwa na mng'ao huo. Mwezi, sayari na nyota pacha haziguswi, kwa kuwa zenyewe zinang'aa kuliko anga linalozizunguka. Na hapa tuna bahati ambayo watu wa kaskazini wanaitamani: sayari hupita karibu na utosi. Zikifika kilele hazishuki chini ya nyuzi 55, wakati London sayari ya Mshtarii kuna miaka haivuki nyuzi 15 au 16. Juu kiasi hicho unatazama kupitia hewa chache, kwa hiyo pete za Zohali na mikanda ya Mshtarii hutulia. Pia jua letu halizami mbali na saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na kufikia saa 2 usiku giza limekamilika. Watoto wanaangalia na kulala kwa wakati.

Mawingu ni kweli yapo. Masika, Machi hadi Mei, msipange tarehe. Subirini usiku ukijifungua wenyewe. Kipupwe cha Juni hadi Agosti na miezi inayokifuata ndiyo msimu wenu, na mawingu ya mchana yanayozaliwa na joto la ardhi mara nyingi huyeyuka baada ya magharibi. Usiku unaofuata mvua kubwa ni wa thamani kwa sababu vumbi limeoshwa.

Mahali pa kuiweka: uwanja wenye nyasi au udongo, mbali na ukuta wa zege na mabati, ambavyo hutema joto la mchana hadi saa 4 usiku na kuifanya picha ichemke. Ufukweni kabisa hapafai kwa sababu ya chumvi. Mkitaka giza, vukeni kwenda Kigamboni, mshuke hadi upande wa Kimbiji. Mwanga wa jiji unabaki nyuma yenu kaskazini-magharibi, na kusini, yalipo mambo makubwa ya anga letu, kunabaki kweusi.

Kuhusu ukumbi wenye kiyoyozi, nawaelewa ndugu hao wawili. Wanataka mali ya wote iwe salama. Lakini angalia kinachotokea. Chumba kina nyuzijoto 20. Nje, msimu wa joto, hewa ya Dar ina unyevu kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzijoto 23 au 24 hulowa. Kioo kikitolewa humo kinafunikwa na matone papo hapo, kama chupa ya soda iliyotoka friji. Mtu mwenye haraka anafuta kwa kanga au leso, na chembe za vumbi zinakwaruza tabaka la alumini ambalo ni jembamba kupita kiasi. Au anafunika na kurudisha ndani kikiwa bado kibichi, na baada ya wiki kadhaa nyuzi za kuvu zinaanza kwenye lenzi, kama utando mweupe wenye matawi. Kuvu ikikaa inachimba kioo, na alama hazitoki tena.

Fanyeni hivi. Darubini ikae chumba cha kawaida chenye hewa, si stoo na si kwenye buti la gari. Ikitoka kwenye ubaridi, iacheni na vifuniko vyake nje dakika 40 kabla ya kufunua. Mkimaliza kuangalia, iwekeni ndani bila vifuniko mbele ya feni saa moja, ndipo mfunike. Lenzi za jicho ziwekwe kwenye kopo la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, pamoja na gramu 200 za punje za silika zinazobadilika rangi zikishalowa. Vile vipakiti vya kwenye viatu vipya ni vidogo mno. Rangi ikibadilika, zikausheni kwenye oveni nyuzijoto 120 kwa saa mbili, zipoe, zirudi kazini. Begi la ngozi liepukeni kabisa, linafuga kuvu. Kioo kikuu vumbi kidogo halikidhuru. Kioshwe mara moja kwa mwaka au zaidi ya hapo, kwa maji ya betri yasiyo na tindikali, yaani yaliyosafishwa tu, na tone la sabuni ya vyombo. Maji yamwagwe, yatiririke, kikauke kimesimama, pasiwe na kufuta.

Na ikae kwa nani? Ushauri wangu ni zamu ya mwezi mmoja mmoja kwa wote watano, na daftari dogo ndani ya boksi: nani kaichukua, lini, imeonyesha nini, nini kimelegea. Chombo kinachokaa kwa mtu hutoka nje, kwa sababu jioni mtoto wake atamwambia mwezi umeshatoka. Cha ukumbini husubiri kikao. Ila mmoja wenu ajifunze kulinganisha vioo, na wengine wasiguse skrubu. Kazi yenyewe ni ndogo: weka nyota angavu katikati kwenye ukuzaji wa mara 65, haribu fokasi mpaka iwe duara, utaona kivuli cheusi cha kioo kidogo ndani yake. Kivuli kikiwa katikati, imelingana. Kikiwa pembeni, zungusha moja ya skrubu tatu za nyuma chini ya robo mzunguko, irudishe nyota katikati, tazama tena.

Nije kwenye skwea na bikari. Ndugu yenu amesema kweli kwamba zimo angani. Ziko makundi mawili ya nyota upande wa kusini, Circinus, yaani bikari, na Norma, yaani skwea ya fundi. Kuhusu aliyeziweka, amekosea. Ni Nicolas-Louis de Lacaille, Mfaransa, mtu wa kanisa, aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na kukaa hadi 1753. Kwa kidarubini chenye kipenyo cha milimita 13 hivi alipima mahali pa nyota karibu 10,000, kisha akaunda makundi 14 kujaza nafasi zisizo na majina. Mengi aliyapa majina ya vyombo vya ufundi na sayansi: saa, darubini, hadubini, pampu ya hewa. Bikari na skwea ni vya mchora ramani na seremala, vikapewa heshima pamoja na vingine. Hakuna ujumbe wa Kifrimasoni humo, na Papa alikuwa amewakataza Wakatoliki kujiunga na Frimasoni tangu 1738.

Lakini mwambie asikate tamaa, kwa sababu historia ya kweli ni nzuri kuliko hiyo hadithi. Lacaille akiwa Rasi, kijana wa miaka 19 aitwaye Jérôme Lalande alitumwa Berlin, karibu na mstari uleule wa kaskazini-kusini. Wote wawili waliupima Mwezi katika kipindi kimoja. Mtu wa kaskazini na mtu wa kusini wanauona Mwezi umesogea kidogo mbele ya nyota za nyuma yake. Ukijua umbali kati yao na pembe ya huko kusogea, unapata umbali wa Mwezi. Mmoja peke yake, hata awe na darubini ya namna gani, hapati kipimo hicho kwa njia hiyo. Lalande huyo baadaye akawa Frimasoni, na ni miongoni mwa waanzilishi wa loji ya Les Neuf Sœurs ya Paris, mwaka 1776. Kabla yake, John Theophilus Desaguliers, aliyemsaidia Newton kwenye majaribio, alikuwa Grand Master, yaani kiongozi mkuu wa Mafrimasoni, wa tatu jijini London mwaka 1719. Mkitaka undugu wa anga, huo hapo, na mnaweza kuurudia kwa simu. Siku Mwezi ukipita jirani na nyota angavu kama Antares, ndugu mmoja apige picha akiwa hapa na mwingine akiwa Johannesburg, dakika ileile. Kati ya miji hiyo ni kilomita 2,400 hivi, na Mwezi utaonekana umehama hadi theluthi moja ya nyuzi, zaidi ya nusu ya upana wake wenyewe.

Mkitaka kuziona bikari na skwea, tokeni mwanzoni mwa Julai, saa 3 usiku, mtazame kusini. Zile nyota mbili angavu zinazouelekea Msalaba wa Kusini ni za Kantauri. Chukueni ile iliyo mbali zaidi na Msalaba, Alfa Kantauri: kwenye mara 65 inagawanyika kuwa nyota mbili za njano zinazozungukana kwa miaka 80 hivi, umbali wa miaka ya nuru 4.4. Rudisheni lenzi ya 25, teremsheni darubini nyuzi 4 kuelekea kusini, na nyota ya kwanza yenye nguvu mtakayoikuta ndiyo kuu ya Bikari. Nyingine mbili za kundi hilo ni hafifu, Tabata hazitaonekana kwa macho matupu. Skwea iko juu yake kuelekea mkia wa Nge. Nyota zake ni dhaifu, ila ndani yake mna kishada NGC 6087, nyota zipatazo arobaini, na iliyo katikati hupanda na kushuka mwanga kwa kila siku 10 hivi. Hicho ni cha Kimbiji.

Maneno ya mtaani sasa. Hapa nitapima kwa haki, kwa sababu hofu yako ina msingi. Mnasemwa kafara na utajiri, na wapo matapeli wanaobandika namba za simu kwenye nguzo wakiahidi kuwaunga watu na Frimasoni. Mzazi mwenye shaka hana ubaya wowote. Njia moja ni kuipeleka darubini kupitia klabu ya sayansi ya shule, bila kutaja loji. Ni rahisi, lakini mkificha kisha ikajulikana, mmewapa ushahidi wa walichokuwa wakisema. Mimi naona msifiche na msitangaze. Akiuliza ni ya nani, ajibiwe: yetu watano, tuko loji moja, tumenunua wenyewe. Nguo ya alama isivaliwe, mazungumzo ya kujiunga yasiwepo. Nendeni kwanza kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na vijana wa ulinzi shirikishi wajue, kwa sababu bomba jeusi juu ya stuli gizani linatisha. Mzazi aangalie kabla ya mtoto wake. Wala msiwe na hotuba. Wazee wa pwani hii walilima na kusafiri kwa nyota. Wengi bado wanajua kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Anzeni na Kilimia, waulize nyinyi, wao wawajibu.

Usiku wa kwanza uwe Mwezi una siku sita hadi tisa. Mwezi mpevu hauna vivuli na unaumiza jicho. Tafuteni mstari unaotenga mwanga na giza: siku ya sita mtaona kreta ya Theophilus, upana wa kilomita 100 hivi, na mlima umesimama katikati yake. Kwenye mara 65 kitu huvuka picha kwa dakika 3, kwa sababu Dunia inazunguka. Basi mwendeshaji akiweke ukingo wa mashariki kabla ya kila mtu wa tatu, kimfuate mtazamaji kikielekea katikati. Mtoto afunge mikono mgongoni, vinginevyo atashika lenzi kama kishikio. Anayevaa miwani ya kuona mbali au karibu aivue na kurekebisha fokasi. Mwenye astigmatizimu, yaani uso wa jicho usiopinda sawasawa pande zote, abaki nayo.

Mambo matatu msiyafanye wenyewe. Kuvu ikiwa ndani ya lenzi, mpelekeeni fundi wa kamera, msifungue. Mkikwama kulinganisha vioo, ulizeni idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Dakika 20 za kuonyeshwa na mtu zinapita maandishi yote. Na Jua: kichujio pekee kinachofaa ni kile kinachoziba mdomo wote wa mbele wa darubini. Kile kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, kikija kwenye boksi kivunjeni siku hiyohiyo. Mchana darubini ifunikwe isiguswe na watoto. Jua linaunguza retina bila maumivu, kwa hiyo mtu akiona doa katikati ya jicho baada ya kutazama, asisubiri lipone. Apelekwe siku hiyo kliniki ya macho, CCBRT au Muhimbili.